Futa Salio Kabla ya Kutuma

Mke wangu ndiye aliyeileta hiyo programu nyumbani. Aliambiwa na mwenzake wa kazini hapa Voi kwamba simu ikiruhusiwa kusoma meseji za M-Pesa, itapanga kila shilingi mahali pake: chakula, usafiri, karo, afya, starehe, na kile kikapu cha mwisho kiitwacho Mengineyo. Mwezi ukiisha inakuchorea duara la rangi, kila dhambi na rangi yake. Tukaiweka kwenye simu zote mbili, tukaziunganisha, tukalala tukiwa watu wa bajeti.

Sina shaka walioitengeneza ni watu hodari. Ila ni wazi hawakuwahi kuwa na mjomba.

Mwezi uleule ukoo ukapata msiba kule Chawia. Mweka hazina wa kamati ya mazishi alikuwa mjomba, mwenye baa pale Mwatate, naye kwa kuwa laini yake mwenyewe ilikuwa na matatizo (tutayafikia), akasema michango ipitie ile nambari ya kulipia iliyobandikwa kaunta. Tukachanga ya jeneza, tukachanga ya basi, tukachanga ya kulisha waombolezaji, maana mtu hapandi milima ya Taita kuja kulia kisha ateremke na njaa. Programu haijui matanga. Ilichoona ni jina la baa, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili mfululizo. Ikamtumia mke wangu kikaragosi kilichonuna: matumizi ya starehe yamepita kiwango, mshauri mwenzako apunguze. Mwanamke huyo alikuwa kwenye matanga yaleyale, amekaa na kina mama jikoni, moshi machoni. Na bado aliniangalia.

Hilo lilikwisha kwa kicheko. Programu ikikosea, watu hucheka. Ikipatia ndipo nyumba huwaka, kwa sababu amani ya ukoo wetu, nikiitazama vizuri, imesimama juu ya kutojua.

Kabla ya Machi 2007, M-Pesa ilipoanza, pesa zetu zilipanda mlima ndani ya bahasha, mkononi mwa makanga wa matatu ya Wundanyi. Bahasha ilikuwa na adabu. Ilifika na kilichomo, basi; haikumwambia mtu mfukoni mwako kumebaki ngapi. Mama akituma swali, ndizo zote? unajibu ndizo zote, na dunia inaendelea. Meseji ya M-Pesa haina adabu hiyo. Ukishatuma, inakutajia kiasi, jina la uliyemtumia, saa, na tena, pasipo kuulizwa, salio lako jipya.

Sasa kwenye kundi letu la WhatsApp desturi ni kwamba ukichanga, unabandika meseji iwe ushahidi. Binamu yangu mmoja, ambaye kwa miezi alikuwa akitusimulia jinsi mwenye kandarasi alivyokataa kumlipa, alituma shilingi mia mbili na maneno ya unyenyekevu: ndicho nilichojaliwa. Akabandika. Salio: elfu arobaini na moja na kitu. Hakuna aliyeandika neno. Shangazi aliweka tu ile mikono miwili ya sala, na tangu hapo sijaona silaha kali kuliko hiyo.

Baada ya siku ile kila mtu akajifunza kufuta salio kabla ya kutuma, na ukoo ukagawanyika upya. Wanaofuta wanajulikana kuwa nazo. Wasiofuta hawana, na wanataka ijulikane. Kaka yangu mkubwa amejitafutia njia ya tatu: yeye hafuti, huandika upya. Salio lake ni shilingi tatu, kila mwezi, tatu ileile, kama namba ya nyumba.

Kaka huyu ndiye mchumi wetu. Aligundua kwamba kutuma hadi shilingi mia moja ni bure, lakini mia tano inakatwa shilingi saba. Kwa hiyo mama akiahidiwa mia tano, hupokea mia, kisha mia, kisha mia, hadi zitimie. Ada ya kutoa kwa wakala anaibeba mama, lakini hilo halimo kwenye hesabu za kaka. Jumapili moja alizituma saa ya ibada. Simu ya mama, kabambe yenye mlio wa kuamsha kijiji, ikalia mara tano mfululizo wakati wa sadaka. Mzee wa kanisa aliyeshika kikapu alisimama mbele yake na hakuonyesha dalili ya kuondoka.

Mama haoni vizuri maandishi madogo. Meseji zake husomewa na mtoto wa jirani, wa darasa la sita, anayesoma kwa sauti kama walivyomfundisha shuleni. Juzi mama aliniomba pesa za mbolea na dawa ya kuku. Nikatuma. Akanunua, akalipa kwa simu, na kwa uaminifu wake, bila mtu kumdai risiti, akamwambia yule mtoto aielekeze kwangu ile meseji ya malipo nijue zimetumika ipasavyo. Ilikuja nzima. Salio lilikuwa kubwa kuliko langu. Lingelipa karo ya wanangu wote wawili likabakisha ya viatu. Mke wangu, mtu wa kuhesabu vitunguu, aliisoma mara mbili, akanirudishia simu, akauliza kwa upole ile programu inaweka wapi pesa zinazokwenda kwa mtu anayekuzidi.

Niliangalia. Mengineyo.

Nirudi kwa mjomba na laini yake. Tangu Januari 2019 tuna Fuliza: salio likipunguka unakopeshwa hapohapo, na pesa yoyote itakayoingia baadaye inaanza kulipa deni kabla hujaigusa. Hilo kila mtu analijua. Mjomba pia alilijua, siku aliyokubali kuwa mweka hazina wa karo ya mpwa wetu aliyeitwa chuo kikuu. Michango ikaingia kutoka Voi, Mombasa hadi Nairobi, na kila ulioingia ukakuta deni la mjomba limekaa mlangoni likingoja. Orodha ya kundi ikaonyesha wote wamelipa. Simu yake ikaonyesha shilingi sitini. Alisimama mbele ya wazee, akakohoa, akasema: pesa zilifika, ila hazikukaa. Tukachanga upya. Ndiyo maana msiba ulipokuja, baa ikawa benki.

Tusimwonee mjomba peke yake. Kabla ya Benki Kuu ya Kenya kutoa kanuni zake za Machi 2022 na kuwakataza wakopeshaji wa simu kuwasumbua watu walio kwenye orodha ya nambari za mdaiwa, shemeji yetu mmoja alichelewesha mkopo, na kijana wa kudai akampigia mama huko Chawia. Mama alimuuliza ni mtoto wa nani. Akamuuliza kama amekula. Akamuuliza mbona hajaoa. Kijana alikata simu mwenyewe.

Desemba, watu wote wakiwa nyumbani, tukafanya mkutano wa kuchagua mweka hazina mpya. Kaka akaleta sharti: atakayesimama aonyeshe mbele ya wote kwamba Fuliza yake ni sufuri. Mjomba akakumbuka ng'ombe hajakamwa. Binamu akapata simu ya ghafla na kutoka nje kuipokea, ingawa pale uani hakuna mtandao. Mwishowe aliyebaki kwenye kiti ni mama, ambaye hajawahi kukopa kwa simu, na ambaye sisi wawili tulijua, mke wangu na mimi, kwamba hana haja.

Akakubali, mradi asiulizwe salio. Mtoto wa jirani, aliyekuwa mlangoni akitafuna muwa, akasema hata yeye asiulizwe, ila kwa mia mbili. Kaka akatoa simu, akamwomba nambari ya mama yake, akatuma mia. Halafu akatuma mia nyingine.