Kilo Sita za Mchanga

Kununua uzito kuna gharama kubwa kuliko kuupunguza. Duka la vifaa vya mazoezi nililoingia lilikuwa na kizibao kimoja tu cha uzito, cha vyuma, kilo 20, na kwa bei yake ningepata mbuzi na chenji ya ndimu na pilipili. Muuzaji alinivisha, akakaza mikanda, akaniambia niruke. Nikaruka. Nilipoanza kushuka, chenyewe kilikuwa bado kinapanda. Tukakutana kidevuni.

"Utakizoea, mzee," akasema.

Mimi nina kilo 78. Wenye uzoefu hushauri anayeanza abebe asilimia 5 mpaka 10 ya uzito wake, mzigo ukiwa umegawanywa sawa mbele na nyuma. Kizibao kikae juu kifuani, kibane ubavuni kisichezecheze, ila mbavu zibaki na nafasi ya kuvuta pumzi. Cha dukani kilikuwa robo nzima ya mwili wangu, na vyuma vyake vilikuwa vimeshonewa humo humo, huwezi kupunguza hata kimoja. Nikavuliwa kwa msaada wa mlinzi.

Chanzo cha yote ni mpwa wangu, aliyenionyesha video za Hyrox, mashindano yaliyoanzia Hamburg, Ujerumani, mwaka 2017. Unakimbia kilomita moja, unakuta kituo cha mateso, unakimbia nyingine, mpaka zitimie nane. Kuna kusukuma sleji, kitoroli cha chuma kisicho na magurudumu, mita 50. Ya wanaume wa daraja la kawaida ina kilo 152. Kuna kuivuta kwa kamba. Kuna kulala kifudifudi, kuinuka na kuruka mbele, mita 80 nzima. Kuna kupiga makasia mita 1,000 kwenye mashine bila kufika popote, kubeba vyuma viwili vya kilo 24, kupiga magoti ukitembea na mfuko wa mchanga begani, na mwisho kurusha mpira ukutani mara 100, watu wazima na akili zao.

Ajabu ni kwamba katika Hyrox yenyewe hakuna anayevaa kizibao. Wanaokivaa rasmi ni watu wa zoezi la Murph, lililopewa jina la Michael Murphy, ofisa wa jeshi la majini la Marekani aliyeuawa Afghanistan mwaka 2005: maili moja ya mbio, kujivuta juu mara 100, pushapu 200, kuchuchumaa mara 300, kisha maili nyingine, na kilo 9 hivi kifuani. Lakini mpwa ana nadharia yake: ukizoea kukimbia na mzigo, siku ya kuutua utapaa. Goti langu halikushirikishwa katika nadharia hiyo.

Nikaenda kwa fundi cherehani.

"Kizibao cha harusi au cha sendofu?"

"Cha mchanga, fundi."

Akaandika kwenye daftari lake bila kuinua uso. Nilimpa turubai jeusi, nikamwelekeza mifuko minane, minne mbele, minne nyuma. Kwa ukarimu wake akaongeza kola, na kimfuko cha leso juu ya moyo.

Mchanga nilipewa na jirani anayejenga. Shida ilikuwa mizani. Wa buchani alikataa katakata kuchanganya mchanga na steki, na sioni kwa nini nimlaumu. Mangi wa dukani alikubali, kwa sharti kwamba kila kilo ya mchanga iandamane na kitu ninachonunua. Nilirudi nyumbani na kilo sita za mchanga, sabuni, viberiti na sukari ya mwezi mzima.

Mchanga mkavu hupita kwenye mshono wowote. Siku za mwanzo mama watoto alijua nimepita wapi bila kuniuliza: chumbani, jikoni, kwenye friji. Ikabidi niufungashe kwenye paketi tupu za chumvi, nikaziba kwa gundi ya karatasi, nikazipanga mifukoni. Mwagiko ukakoma. Nikajitazama kwenye kioo: mtu mwenye turubai jeusi na vibunda vya mraba kifuani, amejipanga kama askari.

Ndivyo walivyoniona machinga wa Magomeni.

Turubai la machinga lina kamba pembe zote nne. Akivuta mara moja, duka linakuwa furushi. Nilikuwa naingia barabarani kwa mwendo wangu wa kawaida pale mmoja alipopiga mluzi, na bidhaa zote za upande ule zikasimama na kuondoka. Kwa bahati mbaya tulikuwa tunaelekea upande mmoja. Kijana mmoja aliangusha mkanda. Nikauokota, nikamfuata kumrudishia, nikimwita. Kadiri nilivyoita ndivyo alivyoongeza gia. Kwa upande wa mazoezi, sijapata jioni nzuri kuliko ile.

Mwokozi wangu alikuwa mama lishe. Mfuko wa mbele ulikuwa umechanika kwa zile mbio, paketi imechungulia nje.

"Acheni kumkimbia baba wa watu! Mgambo gani anatembea na chumvi?"

Kijana akarudi, akanishukuru kwa mkanda, kisha akaniuzia.

Nikateremka mpaka Jangwani, nikageuka kupanda. Mbele yangu mtu wa mkokoteni alikuwa amesimama kupumua na mifuko kumi ya saruji. Akanitazama kuanzia kola mpaka raba.

"Bosi, umebeba nini?"

"Mchanga."

"Unapeleka wapi?"

"Sipeleki popote."

Akaweka jiwe nyuma ya gurudumu ili asikilize vizuri. Nikamweleza habari za Ujerumani, sleji, kilo 152.

"Wanasukuma mpaka wapi?"

"Mita hamsini."

"Halafu?"

"Halafu wanakimbia."

"Wanamkimbia nani?"

Hilo sikuwa na jibu lake, nikarukia yale mengine. Akauliza wanalipwaje. Nikamwambia mshiriki ndiye anayelipa. Akaomba nirudie. Nikarudia. Akatazama saruji yake, kilo 500 kamili, akatazama kile kilima, akaondoa jiwe.

"Shika hapo nyuma, bosi. Sukuma na mguu, siyo na mgongo."

Tukasukuma. Mchanga uligoma kukaa sawa, kola ikaninyonga, na dereva mmoja wa bajaji akapunguza mwendo apate kucheka kwa utulivu. Tulipofika juu, Mapipa, jamaa akajifuta jasho na kunyoosha mkono.

"Elfu mbili."

"Ya nini?"

"Ya ushiriki, bosi. Kesho tuna mabati."