Mkoba wa Shangazi

Nyumba yetu ya Ngamiani, Tanga, ina watu saba na jokofu moja, kwa hiyo siri yoyote inayotaka ubaridi haina maisha marefu. Chupa yangu ya maji ya bamia niliificha nyuma ya sufuria la maharage. Asubuhi niliikuta tupu kwenye karo, na mama mkwe yuko barazani anajifuta mdomo kwa upindo wa kanga.

"Mwanangu, Mungu akuzidishie," akaniambia. "Nilisikia watu wanasema bamia zinashusha sukari, nikaona haya kumsumbua mtu anitengenezee. Kumbe umeshanifikiria."

Ningemjibu nini? Kwamba maji yale yalikuwa ya ukavu wa ukeni, na kwamba mwanawe naye alikuwa na hisa katika matibabu hayo? Nikasema, "Ndiyo, mama." Tangu siku hiyo nikawa nakatakata bamia za watu wawili kila jioni, na sifa zangu zikaenea mtaani: mkwe wa fulani anamhudumia mamake mume mpaka sukari inaona aibu.

Mwaka ule nilikuwa nimeshavuka hamsini na hedhi imekoma. Lile joto la ghafla, linalomfanya mtu ajipepee na daftari la michango katikati ya kikao cha harusi, lilikuwa linaniaga. Joto lina watani wake. Wanawake hulicheka hadharani, na hata kina baba hufungua dirisha bila kuambiwa. Ukavu hauna mtani. Tena joto kwa wengi hupungua lenyewe baada ya miaka, ilhali ukavu usipotibiwa hukaa na mara nyingi huzidi. Homoni ya estrojeni ikishuka, ngozi laini ya ndani ya uke huwa nyembamba na ute hupungua. Bakteria wema wanaotunza asidi ya mahali pale nao hupungua, ndiyo maana UTI zinakuwa wageni wa kila mara. Ilifika mahali kupanda daladala yenye viti vigumu ni adhabu, sembuse hayo mengine.

Dawa za homoni sikutaka kuzisikia. Dada yangu mkubwa alitibiwa saratani ya titi, na neno homoni likanibaki moyoni na picha mbaya. Nikasema nitajitibu kwa vitu vya sokoni, na shoga yangu mmoja anayeuza vitunguu akanipa bamia. Hoja yake ilikuwa kwamba kitu chenye utelezi kikiingia mwilini lazima kitelezeshe. Ni hoja tamu mpaka ujiulize utelezi huo unapita njia gani kutoka tumboni, maana tumbo halina mchirizi wa kwenda huko. Mimi sikujiuliza kwa haraka. Mama mkwe alipendeza, mimi nikabaki vilevile.

Nikahamia kwenye uwatu. Unachemsha mbegu, unachuja, unakunywa uchungu wake. Kisa cha uwatu ni kifupi: harufu yake hutoka na jasho na mkojo. Haukupita muda mwanangu wa mwisho akarudi kutoka shuleni, akasimama mlangoni akinusa, akauliza kama kuna achari ya embe. Hakuna, nikamwambia. Akanisogelea, akanusa bega langu, akaondoka bila neno. Na mama mkwe, ambaye sasa aliamini kila ninachochemsha ni chake, akaja na kikombe. Hapo binti yangu muuguzi akapiga kelele kwenye simu kutoka Muheza: uwatu nao unashusha sukari, bibi akiuchanganya na vidonge vyake vya sukari anaweza kuishiwa nguvu na kuanguka. Mbegu zilizobaki zikaenda kwenye bizari.

Ndipo shangazi alipokuja kutoka Pangani kuangaliwa magoti. Shangazi ni kungwi wa siku nyingi. Mabibi harusi aliowacheza hawahesabiki, na hasafiri bila mkoba wake wa ukili. Usiku nikamfuata chumbani, nikazunguka maneno kama desturi, nikafika.

"Naam," akanikatiza, mkono umeshaingia mkobani. "Maji mengi. Wanaume hawapendi."

"Hapana, shangazi. Hayapo kabisa."

Akanitazama. Akatoa shabu, akaiweka kitandani. Akatoa karafuu za kusaga, majani ambayo hakunitajia jina, kipande cha udi. Akaukung'uta mkoba mpaka vumbi.

"Hivi vyote vya kukausha na kubana," akasema, na kwa mara ya kwanza nilimwona kungwi hana la kusema.

Tulicheka mpaka mama mkwe akagonga ukuta. Lakini nikiwa nimelala, hasira ilinipata. Elimu yote ile ya chumbani, ngoma, vicheko, siku nzima za kufungiwa ndani, ilimlenga msichana wa miaka ishirini, na ilimfundisha kubana, kukauka na kunukia. Huyo mwenyewe ilimdhuru: shabu huichoma ngozi ile na kuichubua, na mchubuko ni mlango wa maradhi. Mwanamke wa hamsini hakuwekewa hata somo moja. Nilisomeshwa kuingia ndoani. Kukaa humo miaka thelathini nilitakiwa nijue mwenyewe.

Kesho yake nikamuuliza: "Sasa nyinyi wenzetu mlikuwa mnafanyaje?"

Akajibu huku anamenya mhogo: "Tulikuwa tunahamia kwa wajukuu."

Alisema kwa wepesi, kama mtu anayetaja stendi ya kushukia. Mjukuu akiachishwa ziwa, bibi anamwomba. Mtoto anaogopa giza, mtoto anakohoa, mtoto hawezi kulala bila bibi. Babu anabaki na kitanda kizima na hana la kulalamika, maana nani atagombana na mtoto? Nikamkumbuka bibi yangu mzaa mama, ambaye sikuwahi kumwona akilala chumba kimoja na babu. Siku zote nilijua sababu ni mapenzi yake kwetu. Mapenzi yalikuwepo, sibishi. Lakini ni mabibi wangapi wa pwani hii waliojikinga kwa mwili wa mtoto mdogo, kwa sababu hakuna aliyewaambia kuwa maumivu yale yana dawa?

Shangazi alikuwa na shauri moja tu: mafuta ya nazi, "hayo hayana ubaya." Nikayapika mwenyewe, tui likachemka mpaka uto ukajitenga, ila kwa papara sikuyachuja sawasawa. Nilipoyapaka, yalinituliza kweli. Shida ilikuwa yale machicha yaliyobaki kwenye kikombe chini ya kitanda. Usiku wa manane mzee wangu akaruka, akawasha tochi, na sisimizi wamepanga mstari kutoka dirishani, wanapanda mguu wa kitanda, wanaelekea shukani.

"Mke wangu," akasema kwa upole wa kutisha, "umeficha vitumbua humu?"

Nikamwambia yote, nimesimama juu ya stuli. Bamia, uwatu, shabu, na kwa nini tangu Ramadhani nimekuwa nikilala na shuka langu peke yangu. Alinyamaza sana.

"Mimi nilidhani bado una hasira ya ile pikipiki."

Hasira ya pikipiki ninayo mpaka leo, lakini hiyo ni kesi nyingine.

Jumamosi binti yangu akaja kutoka Muheza kukagua uharibifu. Mshubiri uliokuwa kwenye kopo la rangi pale uani, niliokuwa nimepanga uwe zamu inayofuata, ukanusurika: utomvu wake wa njano huwasha, akasema. Asali na mtindi, vibaki mezani. Sabuni za manukato na maji ya dawa ya kuoshea ndani, marufuku. Maji matupu, tena kwa nje, yanatosha. Mafuta ya nazi hakuyakataa, ila yanateleza tu juu, na anayetumia kondomu za mpira asiyaguse, maana huzila zikapasuka.

Tukaenda duka la dawa. Nikaomba jeli ya kulainisha, na kijana wa kaunta akauliza, kwa sauti ya kuita abiria, "Ya ultrasaundi, mama?" Binti akamjibu kwa sauti ileile kuwa ni ya mama yake na baba yake. Nilitamani sakafu inimeze. Nyuma yangu, hata hivyo, mama mmoja mwenye baibui alisogea karibu asikie vizuri.

Hapo hapo kaunta, miwani usoni, binti akanisomea maboksi. Kilainishi ni cha wakati wa tendo. Cha kutunza unyevu ni kingine, hutumiwa mara mbili tatu kwa wiki hata kama mzee amesafiri, na chenye asidi ya hayaluroniki ni kizuri kwa kushika maji. Kiwe na pH ya karibu 4.5, na kisiwe kimekolea mno, maana jeli iliyokolea sana huvuta maji kutoka kwenye ngozi badala ya kuipa. Shirika la Afya Duniani limeweka mwisho wa miliosmoli 1200 kwa kilo. Maboksi mengi hayasemi hilo. Na damu, akasisitiza, hata tone, baada ya hedhi kukoma, ni ya kwenda kwa daktari siku hiyohiyo. Kuhusu homoni akanieleza kuwa ipo ya kuweka ukeni kwa kiasi kidogo, ambayo karibu yote hubaki palepale, na kwa mtu kama mimi ni mazungumzo ya kuwa nayo na daktari, si jini la kukimbia. Nimeyaweka akiba mazungumzo hayo. Kwa sasa boksi la hayaluroniki linafanya kazi yake taratibu, na shuka zimerudi kuwa za watu wawili.

Mama mkwe bado anakunywa bamia zake.

Siku shangazi anaondoka, nilimsindikiza stendi. Basi la Pangani limeshaanza kunguruma, akanivuta kanga.

"Ile dawa yako ya boksi. Nitafutie na mimi."

"Ya nini, shangazi?"

"Ya magoti," akasema, akapanda ngazi ya kwanza, akageuka. "Na yule mjukuu amekuwa mkubwa sasa. Anaweza kulala peke yake."