Harusi za Masika

Kamati za harusi Dar es Salaam hudhani zinapanga tarehe. Tarehe hupangwa na Kwaresima. Siku zile arobaini makanisa mengi hayafungishi ndoa, maharusi wanakaa foleni, na Pasaka ikishapita tu wanamwagika wote kwa pamoja. Sasa fungua kalenda. Pasaka haiji kabla ya tarehe 22 Machi wala haizidi tarehe 25 Aprili. Masika huanza Machi na kuisha Mei. Yaani watu wanafunga, wanasali, wanajinyima, wanangoja mpaka mvua ikolee vizuri, ndipo wanaoana. Tena nje, kwenye nyasi, kwa sababu ukumbi ni ghali na bustani inatoa picha nzuri. Miaka hii ya karibuni ndugu zetu Waislamu nao tumekuwa nao humohumo: Ramadhani ilikuwa ikiangukia Aprili, ikasogea Machi, na Mfunguo Mosi ukiingia nao wanashika njia ya matope.

Hizo picha nzuri napiga mimi.

Wakati wa masika kifaa cha kwanza cha kazi ni mfuko. Zamani tulikuwa na rambo. Unatoboa tundu la lenzi, unafunga kwa mpira wa kufungia pesa, kamera inavaa koti la mvua kwa shilingi mia. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku. Sina ugomvi na sheria hiyo, mitaro ya mtaani kwetu ni shahidi, ila waliokaa kikao hawakumwalika mpiga picha hata mmoja. Mfuko mbadala unapitisha maji vizuri kabisa. Nikahamia kwenye mfuko wa mkate, maana vifungashio vya bidhaa viliachwa. Ni laini, unaonyesha, haukatai umbo la kamera. Kasoro yake ni chenga, na chenga zina wenyewe. Hakuna mtihani wa taaluma hii unaozidi kusimama hatua mbili kutoka kwa maharusi, pete inavishwa, na sisimizi anapanda kwenye kope lako. Huwezi kupangusa. Pete haivishwi mara mbili, ingawa nimewahi kufanya kazi na shangazi aliyeomba irudiwe kwa sababu hakuwa ameketi vizuri.

Kimbunga Hidaya kilifika Mafia Jumamosi, tarehe 4 Mei 2024. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imeshatangaza mapema, boti za Unguja zimesimamishwa, wavuvi wamevuta vyombo vyao juu. Mimi nilikuwa na harusi Kigamboni, bustanini. Ijumaa nikampigia mwenyekiti wa kamati.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Kuna kimbunga kinakuja."

"Marahaba. Turubai tumeshalipia."

Mjadala ukafungwa hapo. Ndugu wa bwana harusi waliotakiwa kuvuka kutoka Unguja wakabaki bandarini Malindi, wakiangalia harusi kwenye simu na, kwa jinsi ilivyokuwa, wakila vizuri kutuzidi.

Lile turubai lilikuwa la bluu. Naomba wanakamati mnaosoma hapa mnisikilize: mwanga ukipita kwenye turubai la bluu, unamwagia kila aliye chini yake rangi hiyohiyo. Mashangazi waliokaa mbele ya kioo tangu alfajiri, poda na wanja juu ya wanja, wakatokea kwenye kamera wakiwa wamepauka bluu. Mmoja akachungulia skrini yangu.

"Mwanangu, mbona umenipiga kama maiti?"

"Mama, ni mwanga wa turubai. Nitarekebisha kwenye kompyuta."

"Kwani kiasi chako hawajakumalizia?"

Nje, matarumbeta walikuwa wamewasili nyuma ya pikapu. Lile tarumbeta kubwa la kuvaa begani lilikuwa limelazwa mdomo juu, na lilikuwa limetazama juu tangu Mbagala. Kijana akavuta pumzi, akapuliza. Kikatoka kikohozi. Akaliinamisha kistaarabu kumwaga maji, na yote yakaishia kwenye viatu vya bwana harusi, vyeupe, vya kukodi. Upepo nao ukachukua shela, ukamvika msimamizi wa kiume. Ninayo picha hiyo. Amependeza.

Ndipo minong'ono ilipoanza kule nyuma: "Huyu binti alikuwa anakomba sufuria." Mnalijua hili, msichana akila ukoko sufuriani mvua itanyesha siku ya harusi yake. Tuhuma hiyo naisikia kila harusi inyeshewayo, na haijawahi kumwangukia bwana harusi, hata yule wa Kigamboni ambaye vifungo vya koti lake vilikuwa vinajieleza. Kwa maoni yangu mtuhumiwa ni aliyechagua tarehe. Lakini huyo ndiye anayegawa bia.

Giza likikaribia, mvua ina tabia nyingine. Ukiwasha flashi iliyo juu ya kamera, kila tone lililo karibu na lenzi linawaka, na maharusi wanaonekana wanapigwa na mipira myeupe. Dawa yake ni kuiweka taa nyuma yao, matone yang'ae huko huko mgongoni. Taa hiyo lazima ishikwe na mtu. Msaidizi wangu amehudhuria mabusu ya maharusi mengi kuliko mchungaji yeyote nchini, yote akiwa amechuchumaa nyuma ya gauni.

Msidhani kiangazi kina nafuu. Mwanzoni mwa Machi na karibu ya tarehe 10 Oktoba jua la Dar hupita utosini kabisa, na ukimpiga mtu picha adhuhuri macho yake yanakuwa mashimo mawili. Hapo ndipo wajanja huhamia ufukweni, jioni, na kwa ajili ya mahaba huchagua mwezi mpevu. Mwezi mpevu una bamvua lake. Maji yakitoka yanaondoka mpaka unajiuliza yatarudi kweli. Yakirudi yanapanda zaidi ya mita tatu, na siku hizo kwetu pwani hujaa mchana ukielekea jioni, saa ileile ya picha.

Nilishuhudia viti vyeupe vimepangwa saa sita kwenye mchanga mkavu, vimefungwa utepe. Maharusi wanakula kiapo, safu ya mbele inanyanyua miguu. MC akaomba wageni warudi nyuma kidogo, kisha kidogo tena, mpaka safu ya mwisho ikawa barabarani. Keki ikahamishwa ikiwa juujuu na wanaume wanne. Babu wa bwana harusi, mvuvi wa siku nyingi, ndiye pekee aliyekuwa mkavu. Alikuwa amekaa chini ya mvinje tangu saa nane, suruali kaikunja hadi magotini.

Nikamwendea. "Shikamoo, babu. Kumbe ulijua? Mbona hukuwaambia?"

"Marahaba," akasema. "Hawakuniweka kwenye kamati."