Mdaiwa Mwenye Funguo

Kodi ya chumba ikikaribia kuisha, nyumba za kupanga za Dar es Salaam hubadilika tabia. Mwenye nyumba anaanza kukohoa ukumbini bila mafua. Anauliza habari za watoto ambao miezi mitano iliyopita aliwaita "nyie mnaochezea bomba". Mpangaji naye anapunguza sauti ya redio, anavua viatu mlangoni ili asisikike akiingia, na wakikutana uani asubuhi, ndoo mkononi, salamu yake inakuwa ndefu kuliko foleni ya chooni. Mgeni akiyaona haya atasema mara moja kwamba mdai ni mwenye nyumba na mdaiwa ni mpangaji. Mimi nasema hesabu imesomwa kichwa chini miguu juu. Kwa utaratibu wetu wa kulipa kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, mwenye nyumba mdogo, yule wa vyumba vitano au sita, ana deni karibu mwaka mzima, na vituko vyake vingi, kuanzia mita ya umeme mpaka karo la choo, ni vituko vya mdaiwa ambaye hakuna aliyemwambia kwamba anadaiwa.

Tuseme chumba ni shilingi 60,000 kwa mwezi. Mpangaji anaingia na 360,000 za miezi sita, na 60,000 nyingine za dalali, ambaye kazi yake ilikuwa kumtembeza juani kwenye vyumba vitatu vibovu ili cha nne kionekane kizuri. Siku hiyo anachopewa ni ufunguo, tena wa kitasa ambacho lazima mlango uinuliwe kidogo ndipo kikubali. Vitu vingine vyote alivyolipia bado havijafika: usiku wa kesho chini ya bati lisilovuja, maji ya mwezi ujao, choo cha mwezi wa nne. Mwezi mmoja ukipita, mwenye nyumba bado anadaiwa huduma za shilingi 300,000. Duka la Mangi likipokea hela ya unga wa miezi sita kabla unga haujasagwa, hakuna atakayemwita mteja mdaiwa. Kwenye chumba mpangaji tunamwita hivyo hivyo, na yeye mwenyewe anaitika.

Desturi hii haikuzuka kwa uchoyo tu. Nyumba nyingi za kupanga Mbagala, Tandika, Manzese au Gongo la Mboto hazijajengwa kwa mkopo wa benki. Mikopo ya nyumba Tanzania, pamoja na juhudi za tangu kuanzishwa mwaka 2010 kwa TMRC, kampuni inayozikopesha benki fedha za mikopo hiyo, haijafika hata asilimia moja ya pato la taifa, na riba yake imezoea kutembea juu ya asilimia 15. Mwenye kiwanja anajenga kwa kudunduliza: mwaka huu msingi, mwaka kesho kutwa boma, kisha miaka ya kutazama nyasi zikiota sebuleni. Siku akipaua vyumba viwili anaviwekea wapangaji upesi, na kodi yao ya mkupuo ndiyo inayomwaga linta ya chumba cha tatu. Kwa maana hiyo wapangaji wa jiji hili wamejenga mitaa mizima. Wao ndio benki ya nyumba, tena benki ya ajabu: haiombi hati, haitumi mthamini, haitozi riba, na isipokuwa makini inafukuzwa kwa kosa la kuanika nguo upande usiotakiwa.

Benki yenyewe inapata wapi fedha? Hapa kicheko kinaingia mchanga. Mamalishe, bodaboda na fundi cherehani hupata hela ya siku, wakati mwingine ya nusu siku. Laki tatu na sitini za papo kwa papo hawanazo. Wenye bahati wanasubiri zamu yao ya mchezo au kikoba. Wengine wanakwenda kwa wale wakopeshaji ambao mtaa umewabatiza jina la kausha damu, nao haukutania ulipolichagua. Ndipo mtu anakopa kwa riba ya kumtoa jasho usiku ili amkopeshe mwenye nyumba bila riba yoyote. Hata kama hakuna mwenye nia mbaya katika mnyororo huo, matokeo yake ni kwamba aliye chini kabisa ndiye anayegharimia mtaji wa aliye juu yake kidogo. Ukitaka kujua ubaya wa jambo hili uko wapi, hauko kwenye kupangisha. Uko kwenye kupokea mkopo huku umenuna kama mtoa msaada.

Sasa tazama fedha inavyokwenda. Mkupuo ukipokewa Jumamosi, Jumatatu umeshageuka saruji. Mwezi wa nne mvua za masika zinaingia, bati linaanza kudondosha juu ya kitanda, mpangaji anaweka sufuria na kwenda kubisha hodi. Jibu ni lile lile tangu enzi: "Vumilia kidogo, kodi ikiingia tutalitazama." Kodi ipi? Ya huyo huyo anayevujiwa. Mwenye nyumba hadanganyi, mfukoni hana kitu. Hela ya kutengeneza bati imekwama ukutani kwenye chumba kisicho na dirisha. Karo la choo nalo lina falsafa yake. Likijaa, mwenye nyumba anatoa hukumu kwamba "mmelijaza wenyewe", kwa hiyo gari la kunyonya maji machafu lichangiwe na wapangaji. Hukumu hiyo ina ukweli wa kibaiolojia, sikatai. Lakini sehemu nyingi za bondeni jijini maji ya ardhini hupanda masika yakaingia karoni yenyewe bila kupanga chumba wala kulipa kodi, na mpaka leo hakuna aliyeyadai mchango.

Mahali ambapo deni hili linaonekana kwa macho ni kwenye mita ya LUKU. Nyumba ya ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, mita moja. Usiku umeme ukikaribia kwisha, kile kifaa cha kuingizia tokeni kinaanza kulia pii, pii, taa yake nyekundu inapepesa, na kaya sita zinalala macho wazi gizani, kila moja ikisubiri nani atashindwa kwanza. Asubuhi kunakuwa na kesi: mwenye friji, mwenye pasi, na kijana wa chumba cha mwisho anayedai ana taa moja na simu lakini ukutani kwake pana spika ya ukubwa wa kabati. Tumezoea kulichukulia jambo hili kama ugomvi wa tabia. Mimi naliona ugomvi wa bei. Kwa mpangilio wa bei uliotangazwa na EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za umeme, mwaka 2016, mtumiaji mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na makato. Anayezidi kiwango hicho kwa wastani huhamishiwa kundi la shilingi 292. Kaya sita zinazotumia uniti 30 kila moja zote ni watumiaji wadogo. Zikibanwa kwenye mita moja zinakuwa mteja mmoja wa uniti 180, na kila kaya inazidishiwa shilingi 5,760 kwa mwezi kwa kosa la kuishi jirani.

Mwenye nyumba atasema mita ni ghali, na kweli si za bure: kuanzia mwaka 2022 kuunganishiwa umeme mjini, kwa njia moja na bila nguzo, kumekuwa shilingi 320,960. Basi tusimtake afunge sita. Afunge mbili za nyongeza, vyumba viwili viwili kwa mita, kila mita ibaki na uniti 60. Gharama haizidi shilingi 650,000, na nyumba nzima inaokoa zaidi ya 34,000 kwa mwezi, hivyo mwaka na nusu hivi gharama imerudi, achilia mbali waya za ndani na usingizi. Tatizo ni kwamba anayegharimia ni mmoja na anayeokoa ni mwingine, kwa hiyo pii, pii inaendelea. Juu ya hapo, tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa humo humo kwenye LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 1,500 tangu 2023. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Anayenunua umeme ni mpangaji. Utamkuta mwenye nyumba barazani akilalamika kwamba serikali inamkamua, na nyuma yake, jikoni, mamalishe wa chumba cha tatu ameshamlipia.

Najua kinachojibiwa: wapangaji wenyewe ni wasumbufu. Na ni kweli, wamo watu. Yupo anayeingia peke yake na begi moja, baada ya mwezi chumbani mna watu watano na kuku. Yupo anayehama usiku wa manane akiwa na deni la maji, halafu anabeba na balbu, na swichi, na kitasa kile kile alichokilalamikia. Mwenye nyumba anasema mkupuo ni kinga dhidi ya watu wa namna hii. Lakini mkupuo hauchagui tabia, unachagua mwenye mkupuo. Aliyejaliwa laki tatu kwa siku moja anaweza kuwa mstaarabu, na anaweza kuwa amepata hela ya wizi wa nyaya. Halafu wasumbufu hawatoroki mwezi wa pili, wakiwa na miezi minne ya kwao ndani. Wanatoroka mwezi wa saba, kinga ikiwa imekwisha muda. Wanaosema kukusanya kodi kila mwezi ni usumbufu, hao niliwaelewa vizuri zama za kubisha hodi. Leo kodi inaweza kuingia kwenye simu mwenye nyumba akiwa msibani Morogoro.

Pingamizi lenye uzito ni jingine: huyu mwenye nyumba ni nani hata tumwandame? Azimio la Arusha la 1967 lilikataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, na mwaka 1971 serikali ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Picha ya wakati ule ilikuwa ya bwanyenye wa ghorofa. Mwenye nyumba tunayemzungumzia ni mjane, au mwalimu mstaafu aliyekizika kiinua mgongo chake kwenye tofali, analala chumba cha mbele cha nyumba hiyo hiyo na kupanga foleni ya choo hicho hicho. Namwonea huruma, na huruma hiyo haibadilishi hoja. Mdaiwa maskini bado ni mdaiwa. Anachohitaji ni mpango wa kulipa, na hawezi kuwa nao wakati anajiona mfadhili.

Sheria hainipi matumaini makubwa. Ile ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984 ilifutwa mwaka 2005, na mara kadhaa viongozi wamezungumzia kupiga marufuku mkupuo. Kodi ya mkupuo ikipigwa marufuku, jioni hiyo hiyo dalali ataibatiza jina jipya, "ya maandalizi", nayo itakuwa ya miezi sita. Afadhali mkopo uitwe mkopo na uandikwe. Anayetanguliza miezi sita apunguziwe kidogo kwa kutanguliza. Akihama mwezi wa tatu arudishiwe iliyobaki. Na katika kila mkupuo, kodi ya mwezi mmoja isiguse saruji, ikae kwa ajili ya bati na karo. Watakaosema masharti haya yatawakatisha watu tamaa ya kujenga wajaribu kwanza masharti ya benki, halafu warudi kwa mpangaji, ambaye dhamana pekee anayoomba ni kulala pakavu.

Nafasi ya kuyaandika ipo. Mkataba wa kupanga unaouzwa steshenari una vifungu vingi vya mpangaji: hatapiga pasi usiku, hatafuga, hatapigilia msumari, hatapangisha mwingine. Upande wa mwenye nyumba una kimoja, kwamba atapokea kodi, na chini yake karatasi ni nyeupe mpaka mahali pa sahihi. Cha pili kinaweza kuongezwa hapo hapo kwa kalamu kabla ya kwenda serikali ya mtaa kugongewa muhuri. Muhuri nao una gharama yake ndogo, na kwa kuwa ndiye anayekopeshwa, hiyo alipe mwenye nyumba.