Birika la Mjomba

Mjomba ana Peugeot 504, ukoo uliotwaa Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Siku hizi mbio zake ni kufika Limuru bila kufuka mvuke. Ilipoanza kuchemka, fundi aling'oa themostati akaitia mfukoni: "Mzee, kidude hiki ni cha nchi za baridi." Kumbe Limuru tunavaa sweta kwa urembo tu! Rejeta iliyoziba kwa kutu hakuigusa. Hiyo ingemtoa jasho. Mfuniko wake, unaobana presha ili maji yasichemke mapema, sasa ni kitambaa kilichofungwa kwa mpira wa tyubu. Kwenye buti, madumu matano. Jana Mjomba alinipa lifti. Tulipofika, mkewe alimwuliza kama ameleta majani ya chai.