Muulize Somo: Mama Mkwe Aliomba Sukari

Waitalia wa pwani yetu wana mji wao, nao ni Malindi, ambako muuza nyanya sokoni anaweza kukutajia bei kwa Kitaliano kabla hajakuamkia. Lakini harufu ya kitunguu thomu na mafuta ya zeituni ilivuka kivuko cha Likoni zamani, ikapita Ukunda, na sasa imepiga kambi Galu. Matatizo nayo yameifuata. Mimi nilibeba sahani kwenye hoteli za barabara ya Diani miaka ishirini na miwili kabla magoti hayajagoma, kwa hivyo niulizeni mimi, msiwaulize wapwa zenu wenye simu kubwa.

*Somo, shikamoo. Nilimtoa mama mkwe Msambweni nikamleta Galu kwenye hoteli ya Kitaliano, ajue kuwa binti yake hakuolewa na mtu wa ovyo. Spageti ilipoletwa akatia uma kinywani, akatafuna, akasema kwa sauti: "Hizi tambi hazijaiva. Na sukari iko wapi?" Mhudumu alicheka mpaka akashikilia meza. Sasa nitarudi Msambweni kwa uso gani? — Mkwe Mwema, Ukunda*

Marahaba, mwanangu. Aliyekosa adabu siku hiyo ni mmoja tu, naye alikuwa amevaa tai. Mama mkwe wako amekula tambi tangu hajang'oa meno ya utoto: zimekaangwa samlini mpaka zikageuka rangi, zikatiwa tui, sukari, iliki na zabibu kavu, zikaletwa jamvini wakati wa kufuturu. Mtu wa namna hiyo ukimwekea tambi zenye nyanya na ngisi, ataacha kuuliza?

Ukirudi pale, mwambie yule mhudumu mambo mawili. La kwanza, mwaka 1154 mwanajiografia Mwarabu, al-Idrisi, aliyekuwa akimtumikia Mfalme Roger wa Pili wa Sicily, aliandika habari za Trabia, mahali kisiwani humo palipotengenezwa tambi kwa wingi, akaziita kwa Kiarabu itriya, zikapakiwa merikebuni kupelekwa nchi za Waislamu na za Wakristo. Tambi za Italia zilikuwa zimeshaandikwa kwa Kiarabu wakati nyanya yenyewe ingali Amerika, haijulikani Ulaya. La pili ndilo litakalomfunga mdomo. Bartolomeo Scappi, mpishi aliyewapikia mapapa wa Roma, alichapisha kitabu chake cha upishi mwaka 1570, na humo tambi zinanyunyiziwa jibini, mdalasini na sukari. Naam, sukari! Mama mkwe wako hakukosea. Alichelewa miaka mia nne na hamsini tu.

Kuhusu kuiva, Waitalia wanapenda tambi ziache kiini kigumu kidogo, zilizuie jino. Mpishi wangu wa kwanza alikuwa akirusha uzi mmoja ukutani, ukinata anasema zimeiva. Ukuta huo nilikuwa nikiusugua mimi kila Jumatatu. Lakini mteja akitaka zilainike, aziombee dakika tatu zaidi. Mpishi atanuna, mwache anune, hukumwoa. Wewe nenda Msambweni na kopo la samli na pakiti mbili za tambi, mwambie mama akupikie zake. Uso utarudi.

*Somo, nilimpeleka msichana Galu. Nikaagiza chupa ya mvinyo mwekundu, mhudumu akanimiminia tone la kulowesha ulimi tu, akasimama kunitazama. Nikalinywa, nikamwambia: "Ongeza, bwana, nimelipa chupa nzima." Msichana akaziba uso kwa menyu. Kosa langu nini? — Kijana wa Magutu*

Kosa lako ni kudhani unapimiwa, kumbe unaulizwa. Lile tone si la kuamua kama mvinyo ni mtamu. Ni la kuamua kama umeharibika. Kizibo kikiwa kibaya, mvinyo hunuka kama kitambaa cha kudekia kilicholala usiku kucha ndani ya ndoo. Mimi sijawahi kuonja mvinyo maishani mwangu, lakini nimezibua chupa zisizo na idadi, na harufu hiyo naijua nikiwa meza ya tatu. Nusa, ikiwa safi tikisa kichwa, amiminiwe kwanza msichana, wewe mwisho. Ikiwa inanuka, irudishe na usilipe.

Wagema wetu mbona tunawafanyia hivyo hivyo? Nani ananunua mnazi bila kuonja kata ya kwanza, na hali methali inatuonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji? Pale chini ya mnazi huoni haya. Haya zinakujia ukiona kitambaa cheupe mezani.

Na chupa ya mililita 750 ni bilauri tano za kawaida, hesabu kabla ya kuagiza ya pili. Mvinyo mwekundu ukiletwa una joto la Galu la saa nane mchana, omba uwekwe kwenye ndoo ya barafu dakika kumi. Usijali atakayekuambia mwekundu hunywewa kwa joto la chumba. Chumba wanachokisema kipo Ulaya, na ni baridi.

*Assalaam aleikum Somo. Nimekula karbonara, tamu ajabu. Vile vipande vya nyama nilivyotafuna ni nyama gani? — Mwenye Wasiwasi, Kinondo*

Wa aleikum salaam. Kiasili karbonara hupikwa kwa kiini cha yai, jibini, pilipili manga na shavu la nguruwe. Kuna jikoni wanaotia ya ng'ombe, na huenda umebahatika, lakini swali hili lilifaa kuulizwa sahani ingali tupu. Uliza tena kuhusu mvinyo, kwani michuzi mingi ya Kitaliano hutiwa kidogo, na menyu haikuambii. Kuuliza hakuna kodi. Ulichokula bila kujua, muulize imamu, mimi mamlaka yangu yanaishia mlango wa jikoni.

*Piza nimeisubiri saa moja na nusu. Nimesoma kwamba kule Naples huokwa kwa sekunde 90. Dakika nyingine zilikwenda wapi? — Mwenye Njaa, Mwabungo*

Zilikwenda kwenye tanuri. Tanuri la kuni lisipowashwa mapema, lataka zaidi ya saa moja kushika moto wa kuoka piza, na wakati watalii wamepungua kuna wenye hoteli wanaobania kuni mpaka mteja aagize. Ukifika, angalia kama lina makaa. Kama umeagiza ngisi, tazama pia mlango wa nyuma: ukiona bodaboda anaondoka mbio kuelekea Ukunda, ujue ngisi wako bado yuko sokoni.

*Somo, niliketi nusu saa bila hata menyu. Wakaja watu wawili wenye rangi ya kamba aliyechemshwa, wakapewa menyu, maji na tabasamu. Mimi mtu wa hapa hapa. Nifanye nini? — Mwenyeji, Galu*

Kwa hili sina mzaha, mwenzangu, maana nimelitenda mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza kazini aliingia mzee mmoja wa kanzu na kofia, akaketi meza ya tisa. Nilimpita mara nne nimebeba sinia. Moyoni nimeshamkadiria: huyu ataagiza soda moja, atakaa nayo mpaka magharibi. Mara ya tano akaniita, "Mwanangu," kwa sauti ya chini, akaniuliza samaki gani wameingia asubuhi hiyo na wametoka ngalawa ya nani. Sikujua. Ikabidi niende jikoni kuuliza. Akaagiza chewa mzima wa kuchoma kwa ndimu, na kumbe nyuma yake walikuwa wanakuja watoto na wajukuu, meza ya tisa ikaunganishwa na ya kumi na ya kumi na moja. Wakati wa kuondoka aliniachia bakshishi iliyotosha nauli yangu ya wiki, wala hakunipa neno baya. Ningependa angenitukana.

Tunafanya hivyo kwa sababu tunapiga hesabu ya bakshishi kwa rangi ya mteja, na hesabu yenyewe ni mbovu. Kusi likianza kuvuma na mvua za Mei zikanyesha, watalii hao hawaonekani, na meza za Galu zinashikwa na watu wa Ukunda, wa Mombasa, na wa Nairobi wanaokuja wikendi. Mishahara ya miezi hiyo nyinyi ndio mnaoilipa.

Kwa hivyo usikae ukinung'unika kisha ukayasemee kwenye matatu. Inua mkono, taka menyu. Usimwite mhudumu kwa kufyonza wala kupiga kofi, yeye ni mtoto wa mtu. Zikipita dakika kumi, muulizie msimamizi. Asipokuja, inuka uende zako: hujala, huna deni. Na ikifika bili, isome. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 16, ushuru wa utalii 2, na hoteli nyingine huongeza 10 ya huduma. Kama menyu haikusema bei zina kodi ndani, chakula cha shilingi 3,000 kinaweza kuondoka na shilingi 3,840 zako. Ile 10, muulize mhudumu polepole kama inamfikia. Jibu lake litakuambia kama bakshishi uiweke mezani au mkononi mwake.

*Somo, niliinuka kidogo tu kupiga picha za wale wanaopeperushwa na tiara baharini. Nyuma yangu tumbili akashuka, akatoroka na nusu ya piza yangu ya kamba. Hoteli imenitoza piza nzima. Wenzangu wanasema ni mbega. Nani alipe? — Mhanga, Galu*

Msimsingizie mbega. Mbega anakula majani, jibini hana haja nayo. Huyo ni tumbili, na mwenye hoteli aliyepanga meza chini ya miti ya Galu anamjua kama anavyojua maji kujaa na kupwa, alipaswa kuweka mtu wa kumfukuza. Wewe nawe ulimpa mgongo. Piza ilikuwa nusu imeliwa na wewe, nusu na yeye. Lipa nusu yako, na ya tumbili iwe juu ya hoteli.