Baba Yangu Anakaa

Mwalimu wa darasa la tatu aliwapa watoto kazi ya nyumbani: andika sentensi mbili kuhusu kazi za wazazi wako. Mwanangu, ambaye hupenda kumaliza mambo ya shule kabla wali haujaiva, aliandika hivi: "Mama yangu anauza vitenge Kariakoo. Baba yangu anakaa." Mwalimu akapiga vema nyekundu, tena kubwa, na pembeni akaandika "Vizuri sana".

Nilikitazama kile kidaftari kwa muda. Miaka 14 niko masjala ya ofisi moja ya umma. Napokea barua, nazisajili, nazifungulia majalada, nazipa folio, nazipeleka kwa wakubwa, na zikirudi na dokezo nazipeleka tena kwingine. Nimewahi kulipata jalada lililotafutwa miaka mitatu. Lilikuwa limewekewa chupa ya chai juu yake, na mwenye chupa ndiye aliyekuwa akilitafuta. Yote hayo kwa mwanangu ni kukaa. Na kibaya zaidi, kisarufi sentensi haina kosa.

Mama watoto alicheka mpaka akaenda chini.

"Sasa na wewe unakaa," nikamwambia.

Usiku ule nikaamua watoto hawa wafundishwe kazi za watu. Mimi si mtu wa hotuba, nikachagua njia ya mkato: magemu. Nikanunua bando la wiki, nikakaa, samahani, nikajiegesha kwenye kochi na simu, nikaanza kupakua.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1971 huko Minnesota, Marekani, vijana watatu waliokuwa wakisomea ualimu walitengeneza The Oregon Trail, ili wanafunzi wa historia waonje safari ya walowezi kwenda magharibi kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Kioo hakikuwapo. Mashine ilichapa majibu kwenye karatasi, na mtoto akasoma hapo kama mtu wake yu hai au hayupo tena. Toleo la 1985 ndilo lililonigusa, kwa sababu kabla ya safari unachagua kazi. Mtu wa benki anaanza na dola 1,600, seremala 800, mkulima 400. Lakini mkulima akifika salama, alama zake zinazidishwa mara tatu.

Habari hiyo nilimpelekea mama yangu, aliyekuwa amekuja kutoka Korogwe kuangaliwa goti. Huyu ameshika jembe tangu kabla ya Azimio la Arusha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na hizo alama zinauzwa soko gani?"

Basi binti yangu wa miaka sita akapata gemu la hospitali, na kaka yake wa miaka tisa akapata la basi. Tangu siku ile majina tuliyowapa yakasahaulika. Wakawa Daktari na Dereva.

Hospitali ya kwenye simu haina foleni. Hakuna dirisha la kadi wala "njoo Jumatatu". Mgonjwa anaingia akilia, kioo kinakuonyesha vijidudu vya kijani vilipojificha, unavibana kwa kikoleo kimoja kimoja, unabandika plasta, mgonjwa anacheka, nyota zinamwagika. Ndani ya siku mbili Daktari alikuwa ametibu watu na dubu wasiohesabika, na hakupoteza hata mmoja.

Jumamosi mchana bibi yake alijinyoosha kwenye mkeka sebuleni, usingizi ukampitia. Sasa, bibi huyu ana chunjua pembeni mwa pua. Ipo tangu sijazaliwa, na katika ukoo wetu hakuna anayeiona tena, kama vile mtu asivyoiona nguzo ya umeme iliyo mbele ya nyumba yake. Daktari aliiona. Akaanza na goti, akalizungushia karatasi ya chooni, bunda zima, kuanzia kwenye ugoko mpaka katikati ya paja. Kisha akaingia chumbani kwa mama yake, akatoka na kikoleo cha nyusi.

Yowe lililofuata liliwaleta majirani wawili na muuza karanga. Nilipoingia, mama yangu alikuwa ameshika pua kwa mikono miwili, mguu mmoja mweupe umenyooka mbele kama wa mchezaji aliyetolewa uwanjani kwa machela. Daktari alikuwa bado amepiga magoti, kikoleo kiko hewani, uso mkavu.

"Bibi, usitikisike. Imebaki nyota moja."

Nilisubiri mama aseme tuondoe simu nyumbani. Alivuta pumzi, akamtazama mjukuu wake vizuri, akasema, "Huyu apelekwe udaktari. Hasikii vilio."

Dereva naye alikuwa na mambo yake. Gemu lake linaitwa Bus Simulator Indonesia, limetoka mwaka 2017, na vijana wa huku kwetu wamekwisha kuyavalisha magari yake rangi za mabasi ya mikoani. Waindonesia wanapita kushoto kama sisi, kwa hiyo mtoto hakuona ugeni wowote. Kilichomkamata ni honi. Mabasi ya Indonesia yalivuma kwa honi ya nyimbo, na kule mwaka 2016 watoto walikuwa wakisimama kando ya barabara kuwaomba madereva waipige. Mimi sikuhitaji kuomba. Niliipata saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri, bila nauli.

Nikasema mtoto ameijua kazi, sasa aione yenyewe. Tukapanda daladala ya Tabata kwenda Kariakoo, naye akachagua kiti cha mbele, begani kwa dereva.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba."

"Mjomba, hujaweka indiketa."

Dereva wa daladala alinyamaza. Tulipokaribia kituo cha pili akaambiwa kwamba yule mama ameshuka gari halijasimama sawasawa, kwa hiyo atakatwa alama. Nikajifanya natazama dirishani. Kituo cha tatu mwanangu aligeuka, akasimama juu ya kiti, akaanza kuhesabu abiria kwa kidole, na kwa sauti.

Konda akamsogelea. "Dogo, wewe ni LATRA au trafiki?"

"Mimi dereva."

Gari zima likaangua kicheko. Mama mmoja mwenye beseni la samaki akasema apewe usukani tufike. Dereva mwenyewe hakucheka. Aliniangalia kwenye kioo, akaniambia taratibu kwamba yeye udereva aliujulia kwenye lori la mchanga, na huko hapakuwa na alama. Palikuwa na makofi. Lakini nisimsingizie: kuanzia Buguruni mpaka tunashuka, indiketa ilifanya kazi.

Yapo mengine nitayapita haraka, maana yameshalipiwa. Trei ya mayai iliyoishia ukutani baada ya gemu la mapishi, ambamo yai hupasuliwa kwa kupitisha kidole juu ya kioo. Maua ya jirani yaliyovunwa kwa mkokoteni wa ndoo baada ya Farming Simulator, gemu la Waswisi, ambamo muda unaweza kuuharakisha ukalala na mbegu, ukaamka na mavuno. Mama yangu alipoonyeshwa mahali pa kuharakishia muda aliomba ashike simu mwenyewe, akabonyeza mara mbili, akaangalia goti lake, akairudisha.

Na siku tulipokwenda kwa shemeji yangu Sinza, mwenye kompyuta kubwa, tulirushwa na Microsoft Flight Simulator la 2020, lile lililoichora dunia nzima kwa picha za satelaiti. Dereva aliruka kutoka Uwanja wa Julius Nyerere, akaacha njia kabisa akaanza kuitafuta nyumba yetu Tabata. Tukaipata. Programu ile, pale isipokuwa na hakika ya jengo, hukisia, na sisi ilikuwa imetukisia ghorofa. Mama watoto aliomba ndege izunguke tena. Ilizunguka mara nne, ya tano ikaigonga ghorofa yenyewe, na njia nzima ya kurudi nyumbani hakuna aliyezungumza.

Lakini nikiyaangalia magemu haya kama mtu wa ofisi, kuna kitu yote yamekificha: kungoja. Daktari wa kweli anangoja vipimo, dereva anangoja foleni ya Ubungo, mkulima anangoja mvua ambayo imeshatangazwa mara mbili. Gemu limechukua kazi ya watu, likatoa mfupa wote likamwachia mtoto mnofu. Ndiyo maana sikushangaa jioni ile Dereva aliponiuliza, mdomo umejaa ugali, "Baba, kazi yako gemu lake linaitwaje?"

Nikamwambia nitalitafuta. Nikatafuta kweli. Lipo gemu la kuosha kuta kwa mpira wa maji. Lipo la kuendesha malori Ulaya, na watu wanalinunua ili wakitoka kazini wafanye kazi. Mwaka 2014 Waswidi walitoa gemu la kuwa mbuzi. Si kuchunga, kuwa mbuzi mwenyewe. La masjala hakuna. Lililonikaribia ni Papers, Please la 2013, ambalo unakaa mpakani ukigonga mihuri ya pasipoti, na ukizembea, familia yako inakufa kwa njaa na baridi. Nikaona hili litawapa watoto wazo baya juu ya mshahara wangu.

Nikalitengeneza mwenyewe. Nilichana boksi la sabuni, nikachora njia ya vyumba 40 kutoka masjala mpaka kwa mkubwa na kurudi, nikaazima dadu ya ludo. Jalada lilikuwa kipande cha kadi nyekundu, nikakiandika namba na kukigonga muhuri wa viazi. Vyumba vingine nilivijaza mambo ya kweli: "Mkubwa yuko semina Morogoro, rudi hatua nne." "Folio ya 12 haionekani, kosa zamu mbili." "Umeandikiwa dokezo: Tuzungumze. Baki hapo hapo." Nilikuwa na furaha ya ajabu. Kwa mara ya kwanza watoto wangu wangeona ninachokifanya kutwa.

Dereva alidumu dakika sita. Alipoandikiwa "Tuzungumze" mara ya tatu aliuliza ni nani anazungumza na nani, nikashindwa kumjibu, akaenda kupiga honi nje.

Daktari alibaki. Alirusha dadu, akasogea, akafika kwa mkubwa, akarudi nusu ya njia. Zamu yangu ilipofika nikatafuta kadi nyekundu, haipo. Nikainua boksi, nikatikisa mkeka. Mtoto ametulia, mikono mapajani, ananiangalia kwa ule uso mkavu wa siku ya kikoleo.

"Jalada liko wapi?"

"Sijaliona, baba. Labda njoo kesho."

"Wewe ndiye uliyekuwa nalo mwisho."

Akafikiri kidogo. "Nikipata biskuti naweza kuliona."

Naapa sikuliandika hilo popote kwenye boksi. Sijawahi kulitamka ndani ya nyumba ile. Mama watoto akatoa kichwa jikoni, akanitazama kwa macho ambayo sikuyapenda, akauliza kwa upole kama miaka 14 yote nimekuwa nikikaa tu.

Nilikataa kutoa biskuti, kwa msimamo. Bibi yake akatoa mbili. Daktari akazila zote, akanyanyua paja la kulia, akanyanyua la kushoto, akaanza kushangaa kweli.

Boksi limo kabatini. Jalada mpaka leo halijaonekana.